Ganda Tupu la Risasi na Maisha Yake ya Pili

Lugha yetu ya Kiswahili, pamoja na wingi wa maneno yake, ina neno moja ambalo limebebeshwa mzigo wa maneno matatu. Neno hilo ni risasi. Risasi ni ile madini laini, nzito, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi huifunga chini ya nyavu ili zipate kuzama. Risasi ni kile kitu kirukacho kutoka katika mdomo wa bunduki. Na risasi, vilevile, ni kile kitu kizima kinachouzwa katika boksi na kupakiwa ndani ya silaha. Kwa mazungumzo ya barazani neno hilo moja latosha, wala hakuna apoteaye njia. Lakini kwa mtu anayetaka kuifahamu shughuli tunayokusudia kuieleza leo, na zaidi kwa mtumishi wa serikali ambaye kalamu yake ndiyo inayoruhusu na kukataza, halitoshi hata kidogo.

Basi na tukipasue kitu hicho kizima tuone kilichomo. Kuna ganda, ambalo aghalabu ni la shaba nyeupe, ile ile ya rangi ya manjano inayofanyiwa masinia na vinara. Kuna fataki, kikombe kidogo mno kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, chenye chembe ya dawa inayolipuka inapogongwa. Kuna baruti ndani ya ganda. Na kuna kichwa, cha risasi tupu au cha risasi iliyovikwa koti la shaba nyekundu, ambacho hukaa mdomoni mwa ganda kama kizibo katika chupa. Nyundo ya bunduki ikipiga, fataki huwaka, moto wake hupenya katika tundu na kuishika baruti, baruti hugeuka gesi, na gesi hukisukuma kichwa katika mtutu.

Sasa, ndugu msomaji, baada ya mlio huo ni nini kilichotumika? Fataki imekwisha. Baruti imekwisha. Kichwa kimekwenda zake. Lakini ganda lingali lipo, limetanuka kidogo na kuingia masizi, ilhali mwili wake ni mzima. Nalo ndilo aghalabu lenye thamani kubwa kuliko hivyo vingine vyote vitatu. Mpigaji asiye na habari huliacha majanini. Mwenye habari huinama akaliokota.

Kuokota huko na kulijaza ganda upya ni desturi ya zamani sana huko Marekani, na asili yake ni shida ya umbali. Mnamo mwaka 1873 kiwanda cha Winchester kilitoa bunduki ambayo chini ya kifyatulio chake ilikuwa na wenzo wa chuma. Mpigaji aliusukuma wenzo huo chini kwa vidole na kuurudisha juu. Ganda tupu likaruka nje, na risasi mpya ikapanda kutoka katika bomba lililolala chini ya mtutu. Risasi yake ilikuja kuitwa 44-40, kwa kuwa baruti yake nyeusi ilikuwa na uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6 hivi. Miaka michache baadaye kiwanda cha Colt kikaitengeneza rivolva yake, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka, ili ipokee risasi hiyo hiyo. Mchunga ng'ombe aliyekuwa mwendo wa siku nyingi kutoka dukani aliweza sasa kubeba mkoba mmoja wa risasi kwa silaha mbili: fupi kiunoni na ndefu katika tandiko la farasi. Na viwanda vyenyewe vilimwuzia koleo na kalibu ndogo za mkono ili ajaze maganda yake mwenyewe kando ya moto wa kambi.

Kujaza huko kuliwezekana kwa sababu ya fataki ya kupachikwa na kutolewa, na hapa historia imefanya mzaha wake. Watu wawili walibuni fataki za namna hiyo katika muongo ule ule wa 1860. Mmoja, Hiram Berdan, alikuwa Mmarekani. Mwingine, Edward Boxer, alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza. Ganda la Berdan lina vitundu viwili vidogo pembeni, hata sindano haiwezi kupita na kuisukuma nje fataki iliyokwisha. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na sindano nyembamba huitoa fataki kwa msukumo mmoja. Ulaya ikauchukua ubunifu wa Mmarekani. Marekani ikauchukua wa Mwingereza. Ndiyo maana kujaza maganda nyumbani kumestawi sana huko Marekani, ambako maganda ya viwanda vyake huifungua njia kwa sindano tu.

Mpango huo wa risasi moja kwa silaha mbili ulikuwa mwema maadamu baruti ilikuwa nyeusi. Baruti nyeusi ina mipaka yake: huwezi kutia ndani ya ganda zaidi ya lile ganda linavyobeba, na ganda lililojaa pomoni halikuweza kuivunja bunduki madhubuti. Lakini mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi, yenye nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, na tangu hapo ganda lile lile lililoonekana sawa kwa nje liliweza kubeba ndani yake nguvu zinazotofautiana mno. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Winchester ilitoa risasi za 44-40 za mwendo mkali, zilizokusudiwa bunduki yake imara zaidi ya mwaka 1892, iliyobuniwa na John Browning. Juu ya boksi iliandikwa onyo kwamba zisitumiwe katika bastola wala katika bunduki ya 1873. Ziliingia vizuri katika silaha zote hizo. Tatizo ndilo hilo: ziliingia.

Walipokuja kuibuni risasi ya magnum, mafundi walikuwa wamekwisha kupata funzo. Mnamo mwaka 1935 Smith & Wesson, kwa kushirikiana na Winchester, walitoa .357 Magnum. Kichwa chake ni cha kipenyo kile kile cha risasi ya .38 Special, risasi ya polisi iliyojulikana tangu mwaka 1898, lakini ganda lake lilirefushwa kwa milimita tatu hivi. Milimita hizo hazikuongezwa kwa kutafuta nafasi ya baruti tu, bali ili risasi mpya isiweze kuingia kabisa katika bastola kuukuu ya .38 na kuipasua mkononi mwa mwenyewe. Mwaka 1955 ikafuata .44 Magnum kwa mtindo huo huo, baada ya miaka mingi ya majaribio ya Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, ambaye majaribio yake yote aliyafanya kwa kujaza maganda. (Wengi wetu tuliijua kwa mara ya kwanza katika sinema ya mwaka 1971 ya askari mkali wa San Francisco, na tukadhani imebuniwa kwa kuua watu. La, Keith aliitaka kwa ajili ya wanyama.)

Ili msomaji apate kukisia nguvu tunazozizungumza, gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kadiri ya pauni 30 kwa inchi ya mraba. Kipimo cha juu kabisa kilichowekwa na viwanda vya Marekani kwa .38 Special ni pauni 17,000. Kwa .357 Magnum ni 35,000, na kwa .44 Magnum ni 36,000. Yote hayo yanazuiliwa na ganda la shaba lenye unene wa ukucha likiwa limekumbatiwa na chuma, inchi chache kutoka kwenye jicho la mtu.

Mnamo mwaka 1969 kiwanda cha Marlin kiliufufua mtindo wake wa zamani wa 1894, bunduki ya wenzo, na kuutengeneza kwa .44 Magnum, miaka kumi baadaye kikautoa kwa.357. Hivyo ule ushirika wa mkoba mmoja kwa silaha mbili ukarudi, na pamoja nao wakarudi wajazaji wa maganda. Bunduki hizo ni nyepesi, fupi, nazo hutosha kabisa kwa kulungu wa misitu ya Marekani mnamo mita mia moja. Marlin yenyewe imepita mikononi mwa watu mbalimbali, na tangu mwaka 2020 ni mali ya kiwanda cha Ruger.

Sasa mtu atauliza: kama risasi ni moja, na ganda ni moja, kuna haja gani ya kufikiri mara mbili katika kuijaza? Si atajaza vile vile alivyozoea kwa bastola yake? Hapo ndipo penye shughuli nzima, na hapo ndipo wengi wamejeruhiwa.

Tuanze na urefu wa mtutu. Mtutu wa rivolva ni wa inchi nne au sita. Wa bunduki ya wenzo ni inchi 18 au 20. Tena rivolva ina uwazi mwembamba kati ya silinda na mtutu, ambamo gesi huvuja kila inapopigwa. Bunduki haina uwazi huo. Kichwa cha .357 chenye uzito wa gramu 10 hutoka katika rivolva ya inchi nne kwa mwendo wa mita 380 kwa sekunde, kwa makadirio. Kikitoka katika bunduki, kwa baruti ifaayo, huweza kufika mita 550. Mwendo umeongezeka chini ya nusu, lakini nguvu ya kugonga imezidi mara mbili, kwa kuwa nguvu hukua kwa mraba wa mwendo.

Nimesema kwa baruti ifaayo. Baruti zisizo na moshi si za namna moja. Kuna iunguayo upesi, ambayo kiasi kidogo tu chatosha, nayo humaliza kazi yake kichwa kikiwa bado karibu na ganda. Katika mtutu mrefu baruti hiyo haina faida kubwa. Kuna iunguayo polepole, ambayo huendelea kusukuma kichwa kikiwa safarini, na hiyo ndiyo hupata manufaa ya zile inchi 20. Mjazaji mwenye bunduki huelekea kwenye baruti ya polepole, na kwa bahati njema huwa ameepuka ajali moja kubwa. Baruti ya haraka hujaza chini ya nusu ya ganda, hata mtu akisahau na kutia mara mbili, zote mbili zaenea ndani na jicho la mchovu halioni kitu. Baruti ya polepole hujaza ganda karibu na mdomo. Ukitia mara mbili itamwagika mezani. Lakini nayo ina tabia yake: haitaki kupunguzwa chini ya kipimo kilichoandikwa, maana ikipungukiwa huwaka kwa kusitasita, na matokeo yake hayatabiriki. Ndiyo sababu vitabu vya vipimo huandika kima cha chini pamoja na kima cha juu, na mjazaji mwenye akili huanzia chini akipanda kidogo kidogo, huku akiyatazama maganda yake na fataki zake baada ya kila hatua.

Kazi yenyewe ya mezani haina mengi. Ganda husafishwa na kukaguliwa kama halina ufa, kisha hupitishwa katika kalibu ya chuma kigumu inayolirudisha katika umbo lake na kuitoa fataki ya zamani. Hutiwa fataki mpya. Mdomo wake hupanuliwa kidogo. Baruti hupimwa kwa mizani na kumiminwa, kichwa hupachikwa kwa kalibu nyingine, na mwishowe ukingo wa ganda hukunjwa na kukibana kichwa katika mfuo wake.

Katika kukunja huku kwa mwisho napenda tukae kitambo, kwa sababu ndipo silaha mbili hizi zinapodai jambo moja kwa sababu zilizo kinyume. Rivolva ikipigwa huruka nyuma kwa kishindo. Risasi zilizobaki katika silinda huvutwa nyuma pamoja nayo, lakini vichwa vyake, kwa uzito wao, husita. Kama ukingo haukubana, kichwa husogea mbele kidogo kidogo kila mlio, hata mwishowe huchomoza nje ya silinda na silinda isizunguke tena. Hiyo ni kero, na mbele ya mnyama aliyejeruhiwa ni zaidi ya kero. Katika bunduki ya wenzo mambo hugeuka. Risasi zimelala katika bomba, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, na mbele yao kuna springi inayozisukuma nyuma. Kila mlio huzigonganisha. Kama ukingo haukubana, kichwa hakitoki nje, huzama ndani. Nacho kikizama, nafasi ya baruti hupungua, na gesi ikikosa nafasi mgandamizo wake hupanda upesi kupita kipimo. Mtu alipima baruti yake kwa uaminifu, akafuata kitabu neno kwa neno, na bado akajikuta na risasi hatari, kwa sababu ya ukingo ambao haukukunjwa vema.

Bomba hilo hilo huleta sharti jingine. Kwa kuwa kila kichwa hukaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake, kichwa chenye ncha kali hugeuka kuwa nyundo. Mshituko mmoja, na bomba zima laweza kulipuka karibu na mkono wa kushoto wa mpigaji. Kwa hiyo vichwa vya bunduki za wenzo huwa bapa mbele, na ni katika miaka ya karibuni tu vimepatikana vyenye ncha laini ya plastiki inayobonyea. Vichwa vingi vya rivolva ni bapa tayari, lakini si vyote, na asiyejua hununua kwa kuvutiwa na umbo.

Kuna na urefu. Silinda ya rivolva huvumilia risasi ndefu kidogo maadamu haichomozi. Bunduki ya wenzo haivumilii: ina kijukwaa cha kuipandisha risasi, nacho kimetengenezwa kwa urefu maalumu, ambao kwa magnum hizi mbili ni kiasi cha milimita 40. Baadhi ya vichwa virefu vilivyobuniwa na Keith mwenyewe, ambavyo wajazaji huvisifu mno katika rivolva, huikwamisha bunduki kabisa. Vichwa vizito navyo vina shida nyingine. Mifuo iliyomo katika mtutu wa rivolva ya .44 hufanya mzunguko mmoja kila inchi 20, ilhali katika Marlin ya .44 ilikuwa mmoja kwa inchi 38, na kichwa kizito kisichozungushwa vya kutosha huyumba njiani kama mshale usio na manyoya. Kichwa chenye tundu mbele, kilichokusudiwa kutanuka kwa mwendo wa bastola, hupasuka vipande juu ya ngozi kikienda kwa mwendo wa bunduki, na mnyama akakimbia na jeraha. Na kichwa cha risasi tupu, laini, huacha utando wa madini katika mtutu mrefu, ila kikivishwa kikombe chembamba cha shaba kitakoni.

Limebaki moja, nalo halidhaniwi kabisa, kwa kuwa hatari yake inatokana na upole. Mtu hutaka risasi nyepesi ya mazoezi, isiyo na kishindo, basi hupunguza baruti. Katika rivolva hutoka salama. Anaitia risasi hiyo hiyo katika bunduki. Gesi yake ni kidogo. Kichwa kilichovikwa shaba kinapita inchi kumi, kumi na mbili, kikikwaruzana na mtutu, na nguvu inakwisha. Kichwa kinakwama ndani. Mlio ulikuwa hafifu, lakini mpigaji aliutarajia uwe hafifu! Anavuta wenzo, anapiga tena, na risasi ya pili inakikuta kichwa cha kwanza kimeziba njia. Mtutu hutuna au hupasuka. Ndipo wanaojua husema kwamba mlio usio wa kawaida ni amri ya kusimama, kufungua bunduki, na kupitisha ufito katika mtutu kabla ya jambo jingine lolote.

Msomaji ataona kwamba kazi hii ina ujirani zaidi na kazi ya mpima dawa hospitalini kuliko ya askari. Mezani pasiwe na baruti za namna mbili kwa wakati mmoja. Pasiwe na sigara, wala mtoto, wala mazungumzo. Mikono ioshwe, kwani vumbi la risasi ni sumu inayoingia polepole katika damu. Kila boksi liandikwe kichwa gani, baruti gani, kiasi gani, na kwa silaha ipi; na hili la mwisho ndilo linalosahauliwa, kwa sababu mtu hujisemea kwamba risasi ni moja.

Nimechelewa kufika kwa mtumishi wa serikali, lakini ilibidi kwanza ayaone maganda yakijazwa. Kwani mwenye sheria akihesabu bunduki, na akihesabu risasi nzima zilizouzwa, huwa amehesabu vitu viwili tu katika mlolongo wa vitu vitano au sita. Ganda moja lililoandikwa katika daftari la duka kuwa risasi moja laweza kulia mara kadhaa. Marekani walilifahamu hilo. Sheria yao ya mwaka 1968 ya kudhibiti silaha, inapotoa maana ya risasi, huyataja maganda, fataki, vichwa na baruti, kila kimoja peke yake. Kwa sheria hiyo ya taifa, mtu ajazaye kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni. Ajazaye kwa kuuza huhesabiwa kuwa mwenye kiwanda, naye lazima awe nayo. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2006, iliweka mlango wake katika fataki: haziuzwi ila kwa mtu mwenye hati au sababu iliyotajwa na sheria. Kwa maoni yangu Waingereza wameuweka mlango mahali pake. Kichwa chaweza kuyeyushwa katika sufuria, na ganda laokotwa chini, lakini fataki nzuri ni kazi ya kiwanda.

Nasi watu wa visiwa hivi si wageni wa jambo hili. Mwezi Februari 1887 Henry Morton Stanley aliondoka Unguja akiwa na Wazanzibari zaidi ya 600, kwenda kumwokoa Emin Pasha kwa njia ya Kongo. Katika orodha ya mizigo yake zimo bunduki 510 za Remington na 50 za Winchester, zile za wenzo. Lakini zimo pia risasi 50,000 za hizo Winchester, tani mbili za baruti, na fataki 350,000. Tazama uwiano wa hesabu hizo, ndugu msomaji, utajua safari ile ilitegemea nini. Na miongoni mwa mambo yaliyowagombanisha Stanley na Tippu Tip baadaye ni baruti na fataki zilizoahidiwa kwa ajili ya wapagazi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Julai 1890, madola yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulikataza kuingiza bunduki za kisasa, pamoja na baruti na risasi, katika nchi zote zilizo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na ukavitaja visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani. Unguja na Pemba zimo. Kilichoachiwa mlango, kwa idhini, ni gumegume isiyo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu ya hayo ilikuwa kweli. Lakini bunduki za kisasa hazikutoweka Afrika, zilibaki mikononi mwa makampuni na serikali za wageni. Walijua walichokuwa wakifanya. Gumegume huwashwa kwa jiwe. Haihitaji fataki, wala ganda.

Katika zama zetu, Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 imezifunga nchi zetu, Tanzania na Kenya zikiwemo, kushirikiana katika kuzuia silaha ndogo. Na Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha hizo, katika ibara yake ya tatu, imeeleza kuwa risasi ni risasi nzima au sehemu zake, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa, lakini ikaongeza sharti: mradi sehemu hizo zenyewe zinahitaji idhini katika nchi inayohusika. Kwa hiyo afisa anayetaka kujua kama kopo la fataki lililofika bandarini ni risasi au si risasi hatapata jawabu katika itifaki hiyo. Itampasa afungue sheria ya nchi yake, asome fasili ya neno hilo, na kuhesabu ni vitu vingapi katika vile vinne vilivyotajwa humo.